Wanaanga hulala vipi ilhali jua huwachomozea mara 16 kwa siku?

Muuguzi wa Zamu (Mbarara) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi, na kila baada ya wiki mbili hupangiwa zamu ya usiku, inayoanza saa mbili usiku na kumalizika saa mbili asubuhi. Ninapofika nyumbani saa tatu huwa imekwisha kugonga, jua limekwisha kuyapasha mabati moto, na mafundi wa kuchomea vyuma walio upande wa pili wa barabara wamekwisha kuanza kazi. Nimetundika pazia zito, nimefunga dirisha, nimejaribu hata kujifunika shuka gubigubi, lakini usingizi ninaoupata ni wa mang'amung'amu tu. Nasikia kila boda boda inayopita, na ikifika saa sita mchana niko macho nikitazama dari.

Juzi usiku, tukiwa tunamsubiri mama mmoja ajifungue, mwenzangu alinisomea kwenye simu kwamba watu wanaoishi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga huona jua likichomoza na kutua mara 16 katika muda wa saa 24, kwa sababu chombo chao huizunguka dunia nzima kwa takriban dakika 90. Kwanza nilicheka, kisha nikaanza kufikiri. Ikiwa mimi mwenye jua moja tu nashindwa kulala, hao wenye macheo 16 hufanyaje? Hulala wakati gani, na ni nani anayewaambia kwamba sasa ni usiku? Je, hulala wakielea ovyo kama maputo, au kuna kitanda? Na kwa kuwa siku zao zote hupita ndani ya chombo hicho kimoja, bila soko, bila kanisa wala msikiti, bila jirani wa kupiga naye soga kibarazani, hupumzika kwa njia gani baada ya kazi?

Naomba majibu kutoka kwa wanaolijua jambo hili, wala msiogope kueleza kwa kirefu. Siulizi kwa ajili ya mtihani. Nauliza kwa sababu nataka kulala.

Mwalimu wa Fizikia (Mbale) anajibu:

Dada Muuguzi, pole kwa zamu. Nitaanza na suala la kuelea, kwa sababu wanafunzi wangu hukosea hapo kila mwaka, na asiyelielewa hilo hataelewa kwa nini kitanda hakina kazi huko juu.

Wengi hudhani kwamba wanaanga huelea kwa sababu mvutano wa dunia haufiki kule. Unafika. Kituo huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na katika kimo hicho dunia bado huvuta kwa nguvu inayokaribia asilimia 90 ya ile tunayoihisi hapa Mbale. Kinachotokea ni kwamba kituo, pamoja na kila kilichomo ndani yake, kinaanguka wakati wote. Ila kwa kuwa kinakwenda mbele kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, kila kinapoanguka uso wa dunia nao unapinda chini yake, nacho hakifiki chini kamwe. Mtu na godoro lake wakianguka pamoja kwa kasi ileile, mtu hawezi kulilalia godoro. Godoro hutupa raha kwa sababu uzito wetu hulibonyeza, na huko hakuna kinachobonyeza wala kinachobonyezwa.

Kwa hiyo mwanaanga hulala ndani ya mfuko wa kulalia wenye zipu, nao mfuko umefungwa ukutani. Aliyelala bila kufungwa huchukuliwa polepole na mkondo wa hewa hadi agonge ukuta, kifaa au mwenzake. Sehemu ya kituo iitwayo Harmony ina vyumba vinne vya kulala, kila kimoja kikiwa na nafasi ya takriban mita 2 za ujazo, yaani kama kabati la nguo ambalo mtu anaweza kusimama ndani yake. Kimoja kimewekwa upande tungeouita sakafu, kimoja upande wa dari, na viwili kwenye kuta za kushoto na kulia. Katika bweni la shule yetu wavulana hugombania kitanda cha chini, maana vitanda ni vya ghorofa tatu na wa juu hulala karibu ameshikana na mabati. Ugomvi huo kule haupo, kwa sababu mwili uliolala haujui ni upande upi ulio juu. Ndani ya chumba mwanaanga ana mfuko wake, kompyuta mpakato, taa ndogo ya kusomea, picha za watu wa nyumbani, na mlango wa kujifungia. Huo mlango, kwa maoni yangu, ni neema kubwa kuliko mengine yote.

Mwili wenyewe hubadilika ukilala. Misuli ikilegea, mikono hupanda yenyewe na kuelea mbele ya kifua, kama ya mtu anayetembea gizani akipapasa njia, na wanaanga wengine huamua kuifungia ndani ya mfuko ili isiwashtue wanapofumbua macho. Shingo haihitaji mto. Hata hivyo wapo wanaofunga kichwa kwenye kijimto kwa ukanda, kwa sababu bila kuhisi kitu kikigusa shavu usingizi hauwajii. Uti wa mgongo nao hurefuka kwa kuwa haubebi mzigo, na ongezeko hilo linaweza kufika asilimia 3 ya kimo cha mtu. Katika siku za kwanza wengi huumwa mgongo, na dawa yao ni kukunja magoti hadi kifuani kama mtoto aliye tumboni, mkao ambao wewe unaufahamu vizuri kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye hewa, maana hapa ndipo swali lako na lao yanapokutana. Hapa duniani pumzi tunayoitoa ni ya joto, nayo hupanda kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi, kisha hewa mpya huchukua nafasi yake bila sisi kufanya lolote. Huko juu maneno “nyepesi” na “nzito” hayana maana, kwa hiyo pumzi iliyotoka haina sababu ya kupanda wala kushuka. Hubaki palepale mbele ya pua. Mtu akilala mahali ambapo hewa haisukumwi, kabonidioksidi aliyoitoa hujikusanya kuzunguka uso wake, naye huamka akiumwa kichwa na kutweta. Ndiyo sababu kila chumba cha kulala kimewekewa njia ya hewa yenye feni inayofanya kazi usiku kucha. Kujifunika shuka gubigubi ndani ya chumba kilichofungwa dirisha, Dada, ni kujitengenezea kwa mkono wako shida ileile waliyotumia mafundi wengi kuiondoa.

Feni, bila shaka, zina kelele, na kelele ya mitambo ni mojawapo ya malalamiko ya kudumu ya wakazi wa kituo. Kuta za vyumba zimetandikwa nyenzo za kufyonza sauti, na wengi huongeza vizibo vya masikio. Kelele moja tu ndiyo hupungua huko bila juhudi ya mtu yeyote, nayo ni kukoroma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliowapima wanaanga watano kabla ya safari na wakiwa angani, uligundua kwamba kukoroma kulikaribia kutoweka kabisa, kwa kuwa hakuna uzito unaouvuta ulimi na kaakaa laini kurudi nyuma na kubana njia ya hewa.

Muuguzi wa Zamu anaandika tena:

Mwalimu, nakushukuru sana. Jana nilifungua dirisha na kufunua kichwa, na kichwa hakikuniuma nilipoamka, ingawa mafundi wa vyuma nao waliingia chumbani pamoja na hewa. Bado sijaelewa habari ya saa na mwanga. Halafu kuna jambo ambalo sikuliuliza mwanzoni kwa kuona haya: je, wanaanga hutumia dawa za usingizi? Nauliza kwa sababu kazini nawaona wenzangu wakizitegemea, nami sitaki kuanza.

Fundi wa Ndege (Entebbe) anajibu:

Sista, habari ya saa niachie mimi, kwa sababu sisi tunaoshughulika na ndege huishi na saa mbili, ya Uganda na ya Greenwich, na tumezoea kuhesabu saa tatu za tofauti hata tukiwa tunasinzia.

Kituo cha Kimataifa hakifuati jua hata kidogo. Kinafuata saa za Greenwich. Walioongoza mradi huo walikuwa na vituo vya kuongozea safari huko Houston na Moscow, na saa za Greenwich ziko katikati, hivyo hakuna upande unaoonewa kupita kiasi. Ratiba ya kawaida huwapa wanaanga saa nane na nusu za kulala, kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi za Greenwich. Kwa saa zetu hiyo ni kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa tatu asubuhi. Kwa maneno mengine, wewe unapofunga pazia lako saa tatu asubuhi, wao ndio kwanza wanatoka katika mifuko yao. Usiku wao huanza kwa saa, kwa kufunika madirisha na kuzima taa. Jua linaweza kuchomoza mara tano au sita nje wakati wamelala, nalo halina mamlaka yoyote ndani.

Hata hivyo jicho ni mkaidi. Ndani yake zimo chembe ambazo kazi yake si kuona maumbo bali kupima mwangaza, na zinapopokea mwanga wa rangi ya samawati huutaarifu ubongo kwamba ni mchana, nao ubongo huzuia homoni ya melatonini inayoleta usingizi. Taa za zamani za kituo hazikuzingatia jambo hilo. Kuanzia mwaka 2016 zilianza kubadilishwa kwa taa zinazoweza kugeuza rangi: mwanga wa kawaida wa kufanyia kazi, mwanga wenye samawati nyingi wa kuamsha mwili au kuusogeza kwenye ratiba mpya, na mwanga wenye wekundu wa kutumia kabla ya kulala. Mimi nadhani hilo ndilo jambo la kuiga kwa mtu wa zamu. Ukitoka wodini asubuhi ukatembea juani bila kofia wala miwani ya jua, umelimwagia jicho mwanga wa samawati kwa wingi saa moja tu kabla ya kulala, na pazia halitaweza kuyafuta hayo mara moja.

Kuhusu dawa, huna haja ya kuona haya, maana wao wenyewe hawakuficha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wanaanga 64 waliosafiri kwa vyombo vya Space Shuttle na 21 waliokaa katika Kituo cha Kimataifa. Waliopangiwa saa nane na nusu walilala takriban saa sita tu kwa wastani, na katika kila kundi takriban robo tatu walitumia dawa ya usingizi angalau mara moja wakiwa safarini. Watafiti hawakulifurahia jambo hilo. Kengele ya hatari inaweza kulia wakati wowote, hewa ikivuja au moshi ukitokea, na mtu aliyelewa dawa huchelewa kufikiri hata akiamka. Kwa sababu hiyo wanaanga huzijaribu dawa wakiwa bado duniani, chini ya uangalizi wa daktari, ili kila mmoja ajue zinamfanya nini. Wenzako kazini sidhani kama wanafanya hivyo.

Kinachowavuruga zaidi ni ratiba kuhamishwa. Chombo cha mizigo kikifika usiku wa manane, au wenzao wapya wakija, wanaanga hulazimika kusogeza usingizi wao kwa saa kadhaa kwa ghafla, kama unavyotolewa zamu ya mchana na kutupwa zamu ya usiku bila siku ya katikati. Mwili hausogei kwa kasi ya karatasi ya ratiba.

Niongeze jambo moja la kihistoria. Binadamu wa kwanza kulala angani alikuwa Gherman Titov wa Muungano wa Kisovieti, aliyerushwa kwa chombo cha Vostok 2 tarehe 6 Agosti 1961, akiwa na umri wa miaka 25. Kabla yake Yuri Gagarin alizunguka mara moja tu, na hakukuwa na nafasi ya hata kusinzia. Titov alizunguka mara 17, akachafukwa na tumbo, akala, akalala, akashtuka katikati ya usingizi na kuiona mikono yake mwenyewe ikining'inia hewani mbele yake. Aliirudisha mahali pake, akalala tena, na akapitiwa hata akachelewa kuamka kwa takriban nusu saa kuliko alivyopangiwa. Nikikumbuka kwamba hakuna aliyekuwa na hakika kuwa mtu anaweza kulala huko, nampa hongera kwa kuchelewa kwake.

Dereva wa Masafa (Malaba) anaandika:

Nawasalimu wakubwa kwa wadogo. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimelala katika kibanda cha lori kati ya Mombasa, Kampala na Juba kwa miaka 19, hivyo habari ya kulala ndani ya kabati si ngeni kwangu. Ninachokisoma hapa kinanifanya niamini kwamba hao watu wa kituo wana raha ukilinganisha na waliowatangulia. Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walipotua mwezini Julai 1969, hawakuwekewa kitanda cha aina yoyote ndani ya kile chombo chao. Aldrin alijikunja sakafuni, Armstrong akakaa juu ya kifuniko cha injini, baridi ikawapiga, mwanga ukapenya madirishani, mashine zikalia, nao wakaamka wamechoka kama walivyolala. Waliofuata baada yao ndio walipewa machela za kutundika. Kila dereva aliyewahi kulala kwenye foleni ya mpakani akiwa ameegemea usukani atawaonea huruma.

Huyohuyo Aldrin na wenzake ndio walioleta habari kwamba mtu akifumba macho angani huona vimulimuli vikipita gizani. Baadaye ikathibitishwa kwamba ni miale kutoka mbali angani inayopenya chuma, kope na jicho lenyewe. Hebu fikirieni: umefunga pazia, umezima taa, umefumba macho, na mwanga bado unakufuata ndani ya kichwa. Sista, angalau mafundi wa vyuma hawawezi hilo.

Lakini nina swali la mtu wa kazi. Matajiri wetu, si wote, hupenda kuona lori likitembea tu, na saa ya kupumzika huihesabu kama saa iliyopotea. Je, huko juu mkubwa anawaachia watu wapumzike, au naye huwahesabia dakika?

Mwalimu wa Fizikia anajibu tena:

Kaka Dereva, wakubwa wa huko walijifunza somo hilo kwa shida. Mwezi Novemba 1973 Marekani iliwapeleka Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue katika kituo cha Skylab, ambako walikaa siku 84. Wote watatu walikuwa wageni wa anga, lakini walipangiwa kazi kwa mwendo ambao kundi lililowatangulia lilikuwa limeufikia baada ya kuzoea. Kila dakika ilikuwa na kazi yake, mlo uliliwa huku mtu akikusanya vifaa, na aliyechelewa kazi moja aliibeba katika ijayo hadi siku za mapumziko zikaliwa zote. Mwishoni mwa Desemba walizungumza na viongozi wa chini kwa uwazi, kila upande ukasema yaliyoukera. Kazi ndogondogo zikaondolewa kwenye ratiba ya dakika na kuwekwa katika orodha ambayo wao wenyewe walichagua wakati wa kuifanya, mlo na jioni vikaachwa huru, na kazi iliyofanyika baada ya hapo iliongezeka. Wapo wanaosimulia kwamba waligoma na kuzima redio. Hawakugoma, walisema tu, wakasikilizwa. Tangu hapo jioni na siku za mwisho wa wiki zimewekwa katika ratiba kama kazi nyingine yoyote. Jumamosi wanaanga husafisha nyumba yao, wakipangusa kuta na kuvuta vumbi kwenye chujio za hewa, na Jumapili huwa yao.

Mwanafunzi wa Uhandisi (Makerere) anaandika:

Naomba kwanza kumsahihisha Mwalimu kwa heshima zote. Vyumba vinne vya Harmony si vyote. Katika sehemu ya Warusi iitwayo Zvezda vimo vingine viwili, tena vyenye kidirisha, jambo ambalo wale wa Harmony hawana. Kituo cha Wachina kiitwacho Tiangong nacho kina vyumba sita, vitatu katika sehemu ya Tianhe na vitatu katika Wentian. Kinachonishangaza ni kwamba kila aliyejenga kituo amefikia uamuzi uleule: hata nafasi ikiwa finyu vipi, kila mtu apewe mlango wake.

Kuhusu mapumziko, aliyeuliza alisema hakuna kibaraza huko. Kipo. Mwezi Februari 2010 kituo kiliongezewa chumba cha vioo kiitwacho Cupola, chenye madirisha saba, sita pembeni na moja kubwa la duara katikati lenye upana wa sentimita 80, nalo linaelekea duniani. Kilijengwa kwa ajili ya kazi, ili mtu aone nje anapoendesha mkono wa mashine, lakini wanaanga wengi wanasema kwamba wakipata muda wao wenyewe huko ndiko waendako. Hukaa wakitazama dunia ikipita, wakipiga picha, wakitafuta miji yao. Njia ya kituo hupita juu ya nchi zetu mara nyingi, na Ziwa Victoria ni kubwa kiasi kwamba halihitaji kutafutwa. Usiku wavuvi wa ziwa hilo, ambalo Waganda huliita Nalubaale, wanapowasha taa zao za kuvulia dagaa, sijui kama wanajua kwamba kibaraza hicho kinapita juu yao.

Muziki ulianza mapema sana. Desemba 1965 Walter Schirra na Thomas Stafford, wakiwa katika Gemini 6, walitoa kinanda cha mdomo na kengele ndogo walizoziingiza kwa siri, wakapiga wimbo wa Krismasi huku walio chini wakidhani wanapokea taarifa ya kitu cha ajabu angani. Katika Kituo cha Kimataifa kuna gitaa linalokaa huko daima, na Mkanada Chris Hadfield, aliyekuwa kiongozi wa kituo mwaka 2013, alilipiga mbele ya dunia nzima. Mwaka 2011 Catherine Coleman alikuwa huko na filimbi zake. Ukumbuke kwamba gitaa haliketi pajani. Ukilisukuma kwa kidole linaondoka, nawe unaondoka upande wa pili. Wapenda michezo ya kufikiri nao hawakusahauliwa: mwezi Juni 1970 wanaanga wawili wa Soyuz 9 walicheza sataranji dhidi ya wenzao walio duniani, na mchezo ukaisha sare.

Kwetu wakulima wa kahawa itafaa kujua kwamba hadi mwaka 2015 kahawa ya huko ilikuwa ni unga mkavu ndani ya mfuko, unaotiwa maji moto na kunyonywa kwa mrija. Tarehe 3 Mei mwaka huo Mwitalia Samantha Cristoforetti alikunywa espreso ya kwanza iliyotengenezwa angani, kwa mashine iliyobuniwa Italia. Agosti mwaka huohuo wanaanga waliokuwa kituoni walikula letusi iliyooteshwa ndani ya kituo, na wengi wa waliohudumia bustani hiyo ndogo husema kwamba kutazama kitu cha kijani kikikua ni pumziko lenyewe. Nafikiri bibi yangu kule Masaka angewaambia hivyo bila gharama ya roketi.

Mazoezi ya mwili, kwa muda wa saa mbili kila siku, si starehe bali ni wajibu, kwa sababu mifupa na misuli isiyobeba mzigo hudhoofika. Ila hayo pia hugeuzwa mchezo. Aprili 2007 Sunita Williams alikimbia mbio za marathoni za Boston akiwa kituoni, amefungwa kwa mikanda kwenye mashine ya kukimbilia ili asielee, wakati maelfu ya wengine wakikimbia barabarani. Na kuna simu. Wanaanga hupiga simu nyumbani kwa njia ya intaneti, na mara moja kwa wiki hupangiwa muda wa kuonana na familia kwa video. Mimi ninayekaa hosteli na kungoja Jumapili jioni ili nimpigie mama, naona hapo tuko sawa.

Nisimalize bila kusema kwamba Uganda nayo ilikwishapita katika nyumba hiyo. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 ikiwa mzigo ndani ya chombo cha kupeleka vifaa, ikakaa kituoni kwa wiki kadhaa, kisha ikaachiliwa angani tarehe 2 Desemba. Kwa hiyo kuna kisanduku kilichotengenezwa kwa mikono ya Waganda kilichowahi kulala mahali tunapopazungumzia, hata kama hakikuhitaji mfuko.

Muuguzi wa Zamu anaandika tena:

Nawashukuru nyote, na wewe Mwanafunzi msalimie bibi wa Masaka. Nimeamua kununua feni ndogo ya mezani, kwa sababu mbili: itasukuma hewa, na mngurumo wake usiobadilika huenda ukanifichia boda boda. Asubuhi nitavaa kofia pana na miwani ya jua tangu lango la hospitali. Taa ya chumbani nimebadilisha, nimeweka ya rangi ya chungwa, na mtoto wangu amesema chumba kinafanana na kibanda cha chipsi. Pia nimemwomba msimamizi wetu anipe siku moja ya katikati kabla ya kubadilishiwa zamu. Hajakubali, wala hajakataa.

Mwenzangu anasema kwamba kituo huonekana kwa macho bila darubini, kama nyota kubwa inayokwenda bila kumetameta. Je, ninaweza kukiona kutoka Mbarara nikiwa njiani kwenda kazini? Ningependa kuwatakia usiku mwema.

Fundi wa Ndege anajibu:

Unaweza, Sista, siku ambazo njia yake inapita karibu nasi. Kitafute muda mfupi baada ya jua kutua au kabla ya kupambazuka, wakati chini kumeingia giza lakini chenyewe, kwa kuwa kiko juu sana, bado kinamulikwa na jua. Huvuka mbingu kwa dakika chache tu, kisha mara nyingi hufifia ghafla kabla ya kufika upeo wa macho, kwa sababu kimeingia katika kivuli cha dunia. Ila usiwatakie usiku mwema. Ukikiona saa moja na nusu jioni, kwao ni saa kumi na nusu alasiri, bado wako kazini, na zimebaki saa tano kamili kabla ya kuingia katika mifuko yao.

Muuguzi wa Zamu anaandika tena:

Basi nitawatakia kazi njema, maana nami nitakuwa naingia zamu.